Mechi tano ndani ya siku sita: hesabu kamili ya Sewanee, 1899

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya michezo iliyozungumzia makocha wanaolalamikia ratiba iliyobana ilifunga hoja kwa mfano wa Marekani: mwaka 1899 timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha Sewanee ilicheza mechi tano ndani ya siku sita, ikashinda zote, wala haikuruhusu pointi hata moja. Kisha mwandishi akauliza wachezaji wetu wanalia nini. Matokeo aliyotoa ni sahihi. Lakini ameyaacha bila sheria za mchezo wa wakati ule, bila treni, bila ugomvi wa fedha ulioitoa timu nyumbani, na msomaji anabaki na picha ya vijana wa chuma waliokanyaga kila aliyetokea mbele yao. Ukiingia kwenye hesabu utaona sifa kubwa ya safari ile inamwendea meneja kabla ya kumfikia mchezaji yeyote, na kwamba mechi ngumu kuliko zote za msimu ule haimo katika zile tano.

Sewanee ni jina la mahali. Chuo chenyewe huitwa rasmi University of the South, ni cha kanisa la Episkopali, na kiko juu ya uwanda wa milima ya Cumberland katika jimbo la Tennessee. Kilikuwa chuo kidogo sana ukikilinganisha na wapinzani wake. Ila kilikuwa na jambo moja ambalo wengi hawalitaji: kalenda yake ilikuwa kinyume cha vyuo vingine. Likizo ndefu ilikuwa ya majira ya baridi, na masomo yalianza wakati wa kuchipua hadi Desemba. Maana yake ni kwamba wenzao walipokuwa wametawanyika makwao wakati wa joto, vijana wa Sewanee walikuwa chuoni, pamoja, wakiwa na uwanja na kocha. Msimu ulipofunguliwa Oktoba wao walikuwa wamekwisha kukomaa. Kocha alikuwa Billy Suter, aliyetoka Princeton, chuo ambacho pamoja na Rutgers ndicho kilichocheza mechi ya kwanza kabisa ya vyuo mwaka 1869. Nahodha alikuwa Henry Seibels.

Sasa fedha. Timu za vyuo vya Kusini mwa Marekani hazikuwa na ruzuku ya kutosha; ziliishi kwa viingilio. Kwa Sewanee mechi yenye mapato ya uhakika ilikuwa ile dhidi ya Vanderbilt ya Nashville, jirani na hasimu wake. Baada ya msimu wa 1898 vyuo hivyo viwili viligombana juu ya mgawanyo wa mapato ya mlangoni, na mwaka 1899 havikukutana. Bajeti ya timu ikabaki na shimo. Aliyetakiwa kuliziba ni meneja, Luke Lea, mwanafunzi wa miaka 20. Huyu baadaye alianzisha gazeti la Tennessean mjini Nashville mwaka 1907, akawa seneta wa Tennessee kuanzia 1911 hadi 1917, na Januari 1919 akiwa afisa wa jeshi alikwenda Uholanzi na wenzake kadhaa kujaribu kumkamata Kaiser Wilhelm wa Ujerumani akiwa uhamishoni. Nayataja haya ili muone ni mtu wa aina gani aliyepanga ratiba ile.

Kupanga ratiba wakati huo haikuwa kazi ya chama. Chama cha vyuo vya Kusini kilikuwepo tangu 1894, lakini hakikumpangia mtu mechi. Meneja wa kila timu aliandika barua na kupiga telegramu, akaafikiana na meneja mwenzake kuhusu tarehe, uwanja, waamuzi, na lile la msingi: mwenyeji atamhakikishia mgeni kiasi gani, au atampa sehemu gani ya viingilio. Hapo ndipo hesabu ya Lea inapoanza kueleweka. Nauli ya kwenda Texas na kurudi ni ile ile, ucheze mechi moja au tano. Kila mechi unayoongeza njiani inaleta mlango mwingine, na gharama inayozidi ni chakula tu. Ukipata behewa la kulala, usiku wa safari unakuwa ndio usiku wa malazi, hulipi hoteli. Siku ambayo timu inakaa bure mjini bila mechi ndiyo inayokula fedha. Kwa hiyo mechi hazikubanwa ili kuonyesha ushujaa. Zilibanwa kwa sababu kila siku ya mapumziko ilikuwa hasara.

Mtazame sasa alivyoifuma ile njia. Timu ilishuka mlimani kwa tawi la reli lililojengwa kwa ajili ya makaa ya mawe, linaloteremka hadi Cowan na kuungana na njia kuu. Kutoka hapo walikwenda moja kwa moja mpaka kituo cha mbali kuliko vyote, Austin. Hapo ndipo penye akili. Safari ndefu kabisa ilifanyika kabla ya mechi ya kwanza, miili ikiwa mizima, na baada ya Austin kila kituo kiliwarudisha upande wa nyumbani. Alhamisi tarehe 9 Novemba waliifunga timu ya chuo cha Texas 12-0 mjini Austin. Ijumaa tarehe 10 wakaifunga Texas A&M 10-0, mechi ikichezwa Houston. Jumamosi tarehe 11, Tulane 23-0 mjini New Orleans. Jumapili hawakucheza. Jumatatu tarehe 13, LSU, yaani chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, 34-0 mjini Baton Rouge. Jumanne tarehe 14, Mississippi 12-0, si kwenye chuo cha Mississippi bali Memphis, ambao ni mji wa Tennessee. Mzunguko mzima unakadiriwa maili 2,500, yaani kilomita 4,000 hivi.

Wanaohesabu mechi tu hukosa kuona kwamba sehemu hizo za ratiba hazikuwa na uzito sawa. Austin hadi Houston ni kama kilomita 260, safari ya usiku mmoja bila taabu. New Orleans hadi Baton Rouge ni kama kilomita 130, na walikuwa na Jumapili nzima. Lakini Houston hadi New Orleans ni zaidi ya kilomita 550, na walipaswa kuondoka Ijumaa baada ya mechi na kuwa uwanjani kesho yake mchana. Treni ya abiria ikienda wastani wa kilomita 45 kwa saa pamoja na vituo vyake, hizo ni saa 12 na zaidi. Baton Rouge hadi Memphis ni safari ya kukaribiana na hiyo, tena ikiwa baada ya mechi ya nne. Kwa hiyo kama kuna mechi mbili za kuvulia kofia katika zile tano, ni ya Jumamosi na ya Jumanne. Kuishinda LSU kwa 34 ndiko kunakopigiwa kelele, na kumbe, ukiacha ile ya kwanza, ndiyo mechi pekee waliyoiingia baada ya siku ya kupumzika.

Walibeba mapipa mawili ya maji ya chemchemi kutoka mlimani. Leo linasimuliwa kama kichekesho, lakini lilikuwa tahadhari ya maana. Katika miji ya wakati ule maji yalikuwa yanatofautiana sana kwa usafi, na mchezaji anayeharisha Ijumaa hana kazi Jumamosi. Timu yenye watu wachache haiwezi kumudu hata wawili kuugua tumbo. Inasimuliwa pia kwamba viatu vya kuchezea vilisahauliwa stesheni ya nyumbani na Lea akalazimika kupiga telegramu ili vifuatishwe na treni nyingine. Mtu yeyote aliyewahi kusafirisha timu ataamini.

Ndani ya behewa hilo alikuwemo pia Cal Burrows, Mmarekani mweusi aliyekuwa mtunza wachezaji. Kuchua misuli, kufunga vifundo, kusafisha michubuko, kuwaweka watu sawa kati ya Houston usiku na New Orleans mchana, yote hayo yalikuwa mikononi mwake. Katika Kusini ya ubaguzi asingeruhusiwa kucheza katika timu aliyokuwa akiihudumia, na picha nyingi za sifa zimemwacha pembeni. Kama ni kutafuta nani aliyewezesha miili ile isimame tena siku ya tano, jina lake lianze.

Sasa sheria, maana bila hizo namba 12-0 haisomeki.

Futiboli ya 1899 ilikuwa karibu zaidi na raga kuliko mchezo unaoonyeshwa leo kwenye televisheni. Uwanja ulikuwa na urefu wa yadi 110, mistari ikiwa kila yadi tano. Timu ilikuwa na watu 11, na hao hao walishambulia na kulinda. Nusu mbili za dakika 35 kila moja, ingawa manahodha waliweza kukubaliana kuzifupisha. Timu yenye mpira ilikuwa na majaribio matatu ya kusogea yadi tano. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kurusha mpira mbele kulikuwa marufuku, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1906 tu. Mchezaji aliyetolewa hakuruhusiwa kurudi katika mechi hiyo. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ilikuwa na pointi 5, mkwaju wa baada yake pointi 1, goli la mkwaju wa uwanjani pointi 5, na kumbana mpinzani ndani ya eneo lake mwenyewe pointi 2. Leo tachidauni ni 6 na goli la mkwaju ni 3. Mabadiliko hayo yalikuja hatua kwa hatua, goli likishuka hadi 4 mwaka 1904 na 3 mwaka 1909, tachidauni ikipanda hadi 6 mwaka 1912, mwaka ambao pia majaribio yaliongezwa yakawa manne na uwanja ukakatwa ukawa yadi 100.

Chukua mchezo mmoja uutazame kwa karibu. Mtu wa kati anarudisha mpira nyuma kwa kwotabeki, mchezaji anayesimama mgongoni mwake kuupokea. Sheria haikumruhusu huyo kuubeba mwenyewe kuvuka mstari wa mapambano, kwa hiyo anamkabidhi hafubeki au fulbeki, wachezaji wa nyuma wanaobeba mpira. Hapo wenzake wanamfunika, mmoja akimsukuma mgongoni, mwingine akimvuta mkono, na kundi lote linalenga sehemu moja ya ukuta wa wapinzani. Hakukuwa na nafasi ya wazi kati ya safu mbili. Zilisimama uso kwa uso zikigawanywa na urefu wa mpira tu, kwa hiyo ngumi na viwiko vilianza kazi kabla mpira haujaondoka. Aliyebeba mpira akianguka hakuwa amemaliza. Aliruhusiwa kutambaa mpaka ashikwe kabisa na kutamka kwamba yuko chini. Ndiyo maana wapinzani walimlundikia miili juu, na ndiyo maana magoti na shingo viliharibika zaidi pale chini ya lundo kuliko wakati wa mbio.

Kwa kuwa yadi tano katika majaribio matatu kwa njia hiyo ni kazi kweli, na kupoteza mpira karibu na goli lako ni hatari, timu zenye busara zilipiga mpira mbali mapema, mara nyingine hata katika jaribio la kwanza, zikamwachia mpinzani ahangaike kutoka mbali. Mpigaji mzuri alikuwa na thamani kuliko wakimbiaji wawili. Mpira nao ulisaidia: ulikuwa mnene, wenye tumbo, haujachongoka kama wa leo, kwa hiyo ulidunda vizuri na ulipigika kwa mguu. Sewanee ilikuwa na fulbeki Ormond Simkins, na mguu wake ndio uliowapa nafasi ya kucheza mbali na nyumbani bila kubanwa. Mtu akitaka siri ya kutoruhusu pointi katika mechi 11 kati ya 12, atafute hapo kabla ya kutafuta misuli.

Mkwaju wa baada ya tachidauni nao haukuwa wa bure kama sasa. Mpira ulirudishwa nyuma kwa mstari ulionyooka kutoka pale ulipogusishwa chini. Ukifunga pembeni karibu na kibendera, unapiga kutoka pembeni, kama raga inavyofanya hadi leo. Mwenzako analala kifudifudi akiushika mpira kidogo juu ya ardhi. Wapinzani wako kwenye mstari wa goli lao. Sekunde anapoushusha ukagusa nyasi, wanaruhusiwa kuchomoka kumvamia mpigaji. Kulikuwa na njia ya pili, ya kuupiga mpira kutoka kwenye mstari wa goli ili mwenzako audake katikati na kupata pembe nzuri zaidi, lakini akiudondosha nafasi imekwenda. Kwa hiyo timu iliyomaliza na 10 badala ya 12 huenda haikuwa dhaifu. Huenda iliangukia pembeni.

Rudi sasa kwenye matokeo. Kwa sheria hizo, 12-0 dhidi ya Texas ni tachidauni mbili na mikwaju miwili. Kwa macho ya leo hiyo inaonekana mechi ya kubanana. 10-0 dhidi ya Texas A&M ni pungufu ya hapo, na 12-0 ya Memphis ni vile vile. Msomaji wa leo akiona 34-0 anafikiri timu iliua. Akiona 12-0 anafikiri iliponea chupuchupu. Kwa mchezo usio na pasi ya mbele, kuongoza kwa pointi 12 ni kuongoza kwa starehe, maana mpinzani hana njia ya haraka ya kurudi mchezoni.

Msimu mzima ulikuwa hivi. Tarehe 21 Oktoba, Georgia 12-0. Tarehe 23, Georgia Tech 32-0. Tarehe 28, Tennessee 46-0. Tarehe 3 Novemba, Southwestern Presbyterian 54-0. Kisha zile tano za safari. Tarehe 20 Novemba, Cumberland 71-0. Tarehe 30 Novemba, Auburn 11-10. Tarehe 2 Desemba, North Carolina 5-0. Jumla ni mechi 12 katika wiki sita, pointi 322 kwa 10. Watu hulitaja hilo 322 kwa mshangao, lakini lipasueni: Tennessee, Southwestern Presbyterian na Cumberland peke yao zimetoa 171, zaidi ya nusu. Mechi tano za safari kwa pamoja zilitoa 91. Mechi mbili za mwisho zilitoa 16. Namba kubwa inaonyesha nani alikuwa dhaifu mwaka ule. Ubora wa Sewanee utaupima kwa zile namba ndogo.

Hapo ndipo tunapofika Auburn, na hapa nasisitiza. Alhamisi tarehe 30 Novemba ilikuwa sikukuu ya Shukrani, mechi ikapigwa Montgomery, Alabama. Kocha wa Auburn alikuwa John Heisman, yule ambaye leo tuzo ya mchezaji bora wa vyuo inaitwa kwa jina lake. Heisman alikuwa ameiona kasoro ya mchezo wa kulundikana: kati ya mchezo mmoja na mwingine timu zilichukua muda kuinuka, kujipanga na kusikiliza ishara. Akaifundisha timu yake isingoje. Mtu akiangushwa, wenzake wako tayari kwenye nafasi, mpira unatoka tena kabla mlinzi hajapata pumzi. Kwa timu ya watu wachache iliyozoea kuwachosha wengine, hiyo ndiyo sumu. Wachezaji wapatao 13 ndio waliobeba karibu mzigo wote wa Sewanee msimu ule, na kwa sheria ya kutorudi uwanjani, kila anayetoka ni hasara ya mechi nzima. Auburn ikawa timu pekee mwaka ule kuifunga Sewanee, tena mara ya kutosha kufikisha pointi 10. Tofauti ikawa pointi moja, thamani ya ule mkwaju wa mtu aliyelala kifudifudi.

Siku mbili baadaye, Jumamosi, walikuwa Atlanta kucheza na North Carolina, wakashinda 5-0. Mechi mbili ndani ya siku tatu mwishoni mwa msimu, dhidi ya wapinzani wagumu, miili ikiwa na majeraha ya wiki sita, tofauti ya jumla pointi sita. Ningekuwa mwandishi wenu ningetaja hiyo kabla ya Texas.

Tuje kwenye miili yenyewe, maana swali la mwandishi wenu lilikuwa la uvumilivu. Mavazi yalikuwa suruali za turubai zilizotiwa pamba mapajani, koti la turubai lililobana ili lisishikike, soksi nzito, na kwa wengine kinga ya pua ya mpira. Kofia ngumu hazikulazimishwa katika mchezo wa vyuo hadi mwaka 1939. Mwaka 1899 wengi walifuga nywele ndefu kuwa ndiyo kinga. Katika mechi ya Austin nahodha Seibels alipasuka kichwani, akabandikwa plasta na kuendelea. Leo daktari wa uwanja asingemruhusu, na angekuwa sahihi. Simkins, yule mpigaji, alicheza na magoti mabovu akiyafunga. Majeraha ya mchezo yalimfuata maisha yake yote hadi akakatwa miguu yote miwili. Hiyo ndiyo bei ya jibu la "wanalia nini", na haikuandikwa kwenye safu yenu.

Mchezo wenyewe ulikuja kukiri. Vifo na majeruhi viliendelea mpaka mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt akawaita wakuu wa michezo wa vyuo vya Harvard, Yale na Princeton Ikulu. Mwaka uliofuata kikaundwa chama cha vyuo ambacho tangu 1910 kinajulikana kama NCAA, na sheria zikabadilishwa: pasi ya mbele ikaruhusiwa, nafasi ya wazi ikawekwa kati ya safu mbili, na umbali wa kusogea ukapandishwa kutoka yadi tano hadi kumi ili watu waache kulundikana katikati. Timu za vyuo leo hucheza kwa kawaida mara moja kwa wiki, na zina watu tofauti wa kushambulia na wa kulinda.

Na Sewanee yenyewe? Ilikuwa miongoni mwa vyuo vilivyoanzisha SEC, ligi ya vyuo vya kusini-mashariki mwa Marekani, ambayo ilianza kuchezwa mwaka 1933 na leo ndiyo tajiri na yenye nguvu kuliko karibu zote. Ilicheza mechi 37 za ligi hiyo na kupoteza zote 37, ikajitoa mwaka 1940. Sababu haikuwa kwamba damu ya chuma ilikauka. Vyuo vikubwa vya majimbo vilikua, vikajenga viwanja, vikawa vinasomesha wachezaji bure. Chuo kidogo cha mlimani hakikuwa na watu wala fedha za kushindana. Faida zake za 1899, yaani kalenda ya masomo, kocha aliyetoka kwenye chimbuko la mchezo na meneja mwenye akili ya ratiba, zilikuwa za wakati ambao kila mtu alikuwa bado anajifunza. Bado inacheza hadi leo, katika daraja la vyuo visivyotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo.

Ombi langu kwa meza ya michezo ni dogo. Mkiirudia habari hii, chapisheni matokeo yote 12 pamoja na mstari mmoja wa sheria chini yake: tachidauni 5, mkwaju wa baada yake 1, goli la mkwaju 5, majaribio matatu kwa yadi tano, hakuna pasi ya mbele, anayetoka harudi. Na katika orodha ya majina, baada ya Seibels, Simkins na Suter, muwaweke Lea na Burrows.

Wenu katika michezo,
Msomaji, Morogoro